Mimba Zote Kwenye Simu Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua imeanza na tableti zimefika, vyote siku moja. Mvua naijua. Inaingia chumba cha chanjo kwenye kona ileile ya kila mwaka, tunaweka beseni, kazi inaendelea. Tableti sijui nitaiwekea nini.

Zimeletwa mbili. Ya kwanza ameichukua Leonidasi, mkuu wa santeri yetu, kituo cha afya hapa Gatete, akaifungia kabatini palepale isije ikaibiwa, ufunguo mfukoni. Ya pili nimepewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkunga na wajawazito wote wa pwani hii wanapitia mikononi mwangu. Aliyezileta ni Josias, fundi wa kompyuta kutoka Bujumbura, mtu mpole mwenye viatu vyeupe. Ametufundisha tangu asubuhi. Kila mjamzito anaingizwa humo kwa namba yake ya simu, kisha sisiteme, huo mfumo wao, inamtumia ujumbe mwenyewe: siku ya kurudi, ale nini, asibebe nini. Presha ikipanda, jina lake linageuka jekundu. Hospitali ya mjini Rumonge inaliona, na Ernestina, mhamasishaji wetu wa afya anayetembea nyumba kwa nyumba, analiona kwenye simu yake na kwenda kumchukua mtu.

Hapo kwenye nyekundu nilifunga mdomo. Mwaka jana tulizika mama mdogo kabisa, aliyeondoka hapa na presha ya kutisha akaniahidi atarudi wiki inayofuata. Hakuna aliyemfuata. Kama hiki kibao kinaweza kumfuata mtu, nitakivumilia.

Lakini haya naandika kwenye daftari, kwa sababu daftari haliniambii "jaza sehemu hii kwanza" kabla sijamaliza kufikiri.

Jumanne, 7 Oktoba

Wanawake saba. Zamani saba nilikuwa nawamaliza kabla ya adhuhuri. Leo adhana ya alasiri imenikuta na watatu bado kwenye benchi, mmoja amelala.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna mtandao. Leonidasi ameniambia nisubiri. Nimemuuliza kama na matumbo niyaambie yasubiri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo imetaka jina la ukoo. Nimebonyeza kila mahali, haisogei bila jina la ukoo. Kwetu kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe. Baba ana lake, mama ana lake, ndugu sita wana majina sita, na wote wanajuana vizuri tu. Aliyetengeneza hiki kitu inaelekea kwao watu wanarithishana jina kama shamba. Nimeandika "Gatete" kwa wote. Sasa pwani nzima ni ukoo mmoja.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Huku umeme ni wa kubahatisha, kwa hiyo watu wote wanachaji simu kwa Nasiri, mwenye kibanda cha sola pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Simu ikijaa, anamwita mwenyewe kwa spika. Ujumbe ukiingia na mwenyewe hajui kusoma, Nasiri anamsomea. Ni wema wake na tumeuzoea. Sasa jana asubuhi, wanawake wako mchangani wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani, Nasiri akasahau kuzima spika, akasoma: "Hongera, mama Jovita! Mimba yako sasa ina wiki kumi."

Kwetu mimba haitangazwi. Tumbo linajisemea lenyewe wakati wake ukifika, na hata likishaonekana watu wanajifanya hawaoni. Jovita alikuwa bado hajamwambia mumewe. Mama mkwe wake alikuwa palepale na kikapu cha ndagala kichwani.

Leo amekuja, macho yamevimba.

"Mama Kaoutar, miye nilikuambia wewe. Sikuambia ziwa lote."

"Siyo mimi, Jovita. Ni mashini."

"Na mashini iliambiwa na nani?"

Nimefunga kazi nikaenda moja kwa moja kwa Nasiri.

"Nasiri, ndiyo nini kusoma siri za watu kwa spika?"

"Mama, iliandikwa hongera. Kama iko siri, kwa nini banaandika hongera?"

Yule mtu angezimwa yeye, si spika.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakuna mwanamke anayetoa namba. Habari za Jovita zimefika mpaka Kizuka, kule juu mlimani. Mmoja anasema simu imeanguka ziwani. Mwingine anasema ni ya bwana. Mwingine ananitazama tu kama vile mimi ni polisi. Na tableti haisogei bila namba.

Aliyekata shauri ni Benita, anayeuza viazi vya kuchemsha barabarani. "Andika yako," akasema.

"Yangu ya nini?"

"Wewe uliishaniona. Unajua tayari. Bengine bajue kwa nini?"

Nikatazama nje. Benchi limejaa, mvua inapiga, mama mmoja amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nikaandika yangu. Aliyemfuata akasema, "Na miye vilevile kama Benita." Mpaka jioni wote walikuwa vilevile kama Benita.

Nimempigia Josias nimweleze, asije akasema nimemficha. Amesema kwa muda haina shida, muhimu ni kwamba namba iko.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kati ya chai na chakula cha mchana nimepongezwa kwa wiki ya kumi na mbili, ya kumi na tisa na ya thelathini na moja. Nimeambiwa nile mboga za majani, nisibebe ndoo, nilalie ubavu wa kushoto. Nimeambiwa mtoto wangu sasa ni mkubwa kama embe, na nusu saa baadaye kwamba amekuwa mdogo kama harage.

Nina miaka hamsini na moja.

Jumatano, 22 Oktoba

Mume wangu Abdoulkarim alisoma simu yangu juzi nikiwa naoga. Jana asubuhi nimemkuta ananibebea maji. Leo tena maji, na amenunua maini. Jioni ameuliza kwa sauti ya chini, "Kaoutar, mbona hukuniambia?" Nimecheka mpaka nimekaa chini. Yeye hakucheka hata kidogo, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia dada yake. Kosa langu moja ni kwamba nilikisia tangu jana na sikumfumbua macho. Lakini maji yalikuwa yanakuja.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo nimempokea Mwavita. Ni mwanamke wa kutoka ng'ambo ya ziwa, mji wa Baraka huko Kongo, mke wa Lukeba anayevua na ikipe za hapa, makundi ya mitumbwi ya usiku. Wanakaa safu ya chini kabisa, karibu na maji. Ana ucheko wa haraka, anacheka kabla hujamaliza kusema. Hii ni mimba yake ya tatu na mbili za kwanza hazikufika. Hii ina miezi saba.

Nimempima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuitaka. Miguu imevimba. Nimempa dawa, nimemwambia arudi baada ya wiki, asipitishe siku, na kichwa kikimuuma aje hata kama anatambaa.

"Namba?"

"Andika yako, Mama. Sisi kwetu mimba hatuisemi mpaka mutoto alie."

Nimeandika, nimebonyeza, na jina lake limegeuka jekundu mbele ya macho yangu. Baada ya dakika chache Ernestina amenipigia: ameliona. Hospitali nao wameliona. Kwa mara ya kwanza nimekitazama kile kibao bila kukitukana. Nimemwambia Mwavita kwamba akichelewa tutakuja kumchukua. Mwavita huyu hapotei.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Ziwa limepanda tena. Safu ya chini watu wanatoa magodoro.

Jumatatu, 3 Novemba

Mwavita alitakiwa aje Ijumaa, hajaja. Ernestina ndiye aliyeniambia kwanza: alikwenda kumfuata siku hiyohiyo, akakuta maji mpaka dirishani na nyumba haina mtu. Anauliza huku na huku walikohamia. Jina bado jekundu, kwa hiyo hataacha kuuliza, namjua. Simu yake inamlilia kila asubuhi.

Jumatano, 5 Novemba

Mwezi mpevu, samaki hawafuati taa. Ikipe hazitoki, wanaume wote wako nchi kavu wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Mwavita bado.

Jumatatu, 10 Novemba

Leonidasi amenijia na uso unang'aa. Tumekuwa wa kwanza. Kati ya santeri zote zenye tableti, hakuna yenye wajawazito wanaomaliza kliniki zao kama sisi. Watatuletea cheti, atakitia fremu. Nimemuuliza imekuwaje, na wiki iliyopita alikuwa analalamika tuko mkiani. Amesema sisiteme "imesafishwa" mwishoni mwa wiki, na baada ya kusafishwa ukweli umeonekana.

Mimi nimetazama kitu kimoja tu, orodha ya nyekundu. Haina mtu. Nimejua wamempata Mwavita, pengine ameonwa mjini. Nimemshukuru Mungu na kumwita anayefuata.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali mjini. Nguo zangu zinanuka mawese. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitapiga mtu kelele, na hapa hakuna aliyenikosea.

Asubuhi Lukeba alikuja santeri moja kwa moja kutoka mwaloni, suruali imekunjwa magotini.

"Amahoro, Mama. Unipatiye vinini vya kichwa."

"Vya nani?"

"Ya Mwavita. Kichwa inamuuma tangu juzi. Na macho, anasema anaona giza giza. Uso nao imevimba, nazani ni mbu ya kule."

"Kule wapi?"

"Kizuka. Maji ilitukimbiza, tukaenda kwa dada yangu Cibalonza, kwenye michikichi."

"Na mjini walimwambiaje?"

"Mujini nani?"

Nikachukua tableti, nikatafuta Mwavita. Hakuna. Nikatafuta tena, labda nimekosea. Hakuna. Nikaandika namba yangu, ikaniletea mtu mmoja: Benita, jina la ukoo Gatete. Mimba ishirini na tisa. Damu ya kila kundi. Kliniki amehudhuria mara zisizo na idadi. Presha nzuri, iliyopimwa jana. Kijani.

Walikuwa wamewaunganisha wote. Namba moja, ukoo mmoja, basi ni mtu mmoja. Na presha za kina mama wazima niliowapima baada yake zilikuwa zimekalia juu ya presha ya Mwavita na kuifuta. Nikampigia Ernestina. Akasema, "Lakini dada, Jumatatu telefone yangu iliniambia Mwavita iko muzuri. Ndiyo nikaacha kumutafuta."

Leonidasi alisema ambulensi haina mafuta. Najua haina, nchi nzima inapanga foleni ya mafuta. Lakini alipoongeza kwamba tuwaandikie mjini kwanza ili ifuate njia, nilimwambia mbele ya wagonjwa wote njia ya kuipitisha ile karatasi yake. Sitarudia hapa. Nikatia sindano za kifafa cha mimba mkobani nikatoka mbio na Lukeba.

Pikipiki niliyoiona mbele yangu ilikuwa ya Nasiri. Nilijiandaa kubembeleza. Sijamsalimu tangu mambo ya Jovita, na mafuta aliyonayo kila mtu anajua anayaficha auze bei ya juu. Nikasema, "Kuna mama anakufa Kizuka." Hakuuliza nani. Akaingia ndani, akatoka na kidumu, akakimimina chote kwenye tangi, akafunga kibanda na simu za watu zote ndani. Tukapanda watatu, Lukeba nyuma yangu, viatu vyake vya mvua vinanigonga kwenye vifundo vya miguu kila shimo.

Mwavita alikuwa amelala kwenye mkeka katika chumba cha Cibalonza, kitambaa cha maji usoni. Alijaribu kucheka aliponiona. "Mama, nilikuwa nakungojea. Ulisema mutakuja kunichukua nikichelewa." Kisha macho yakapinduka na mwili ukaanza kukakamaa. Nikamlaza ubavu, nikachoma sindano paja moja, nikachoma na la pili. Cibalonza alikuwa anaomba kwa sauti, Lukeba ameshika ukuta. Ilipotulia, nikaweka sikio tumboni. Mtoto alikuwepo.

Nilipoinua kichwa, Nasiri alikuwa amekwishaleta watu. Wanaume sita wa mashine ya mawese, miguu imejaa masizi na mafuta, na ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa. Wawili mbele, wawili nyuma, wawili wanapokezana, wakamshusha ule mlima wa tope mpaka barabara kubwa. Pale Nasiri alisimama katikati ya lami, mikono juu, mpaka lori la mapipa ya mawese likasimama. Tukampandisha juu, katikati ya mapipa. Nilimshikilia kichwa mapajani mwangu mpaka mjini, na Nasiri mbele na pikipiki, honi haijakatika hata mara moja.

Wamempasua jioni hii. Ni mvulana, mdogo kama mkate, lakini amelia. Nimemsikia kutoka huku nje. Nimetoa tableti mkobani na kumwandika palepale, faili jipya, jina la mama yake peke yake, ukoo nimeandika Baraka, namba ya simu yangu. Mvulana. Hai. Mashini imeniandikia hongera, na kwa mara ya kwanza nimeikubali.

Jumapili, 16 Novemba

Mtoto amefariki alfajiri. Mwavita yuko hai, presha inashuka. Sina la kuandika.

Jumatano, 19 Novemba

Lukeba na wanaume wawili ndio waliomzika. Mtoto wa siku mbili hawekewi matanga, wala hakuwa amepewa jina. Wanawake waliokuja kumwona Mwavita wodini wameniudhi mmoja baada ya mwingine. "Usilie, wewe bado mutoto, utazaa." "Mungu alitaka mumoja, akaacha wewe." Kisha wanahamia bei ya ndagala. Hawana ubaya, ndivyo tunavyosema. Mimi mwenyewe nimewahi kuyasema hayo kwa kina mama wengi. Leo yalinikaa vibaya masikioni.

Mwavita hachekicheki tena. Anatazama ukuta.

Ijumaa, 21 Novemba

Asubuhi, nikiwa navaa, simu ikalia. "Hongera, mama Mwavita! Mtoto wako leo ana wiki moja. Mnyonyeshe kila anapotaka."

Nilikaa kitandani. Abdoulkarim akaichukua, akaisoma, akairudisha mkononi mwangu.

Josias alikuja leo kutoka Bujumbura, nilikuwa nimemwita tangu Jumamosi. Nilimwacha akae, kisha nikafungua mdomo. Benchi zima lilisikia. Alipoweza kujibu alisema kwamba yeye ndiye aliyeiagiza mashini iunganishe walioandikwa mara mbili.

"Nilizani ni mutu mumoja ameandikwa mara mingi, Mama."

"Mtu mmoja mwenye mimba ishirini na tisa, Josias?"

"Sikuangalia mimba. Niliangalia namba. Na kama ulinipigia, nilisahau."

Angeweza kusema namba ni yangu na ukoo wa Gatete niliutunga mimi. Hakusema. Aliuliza Mwavita anaendeleaje. Aliuliza kama mtoto alikuwa mvulana au msichana. Alipoambiwa, alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alitoka akakaa kwenye benchi na wanawake, akawauliza wao. Wakacheka, wakaona aibu, kisha Benita akamweleza yote waziwazi: simu zinalala kwa Nasiri, zinasomwa na watu, neno mimba lisiandikwe hata mara moja. Waandikiwe tu, "Njoo santeri Ijumaa." Hata mama mkwe akisikia, atadhani ni malaria. Josias aliandika kila kitu. Mpaka jioni alikuwa ameitenganisha ile Benita mwenye mimba ishirini na tisa, sasa kila mtu ana kadi yake yenye namba yake ya santeri, simu si kitu. Na nyekundu haizimiki mpaka mimi niandike kwamba nimemwona mtu kwa macho yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwaka mzima. Imenishinda.

Kitu kimoja hakukiweza. Nilipojaribu kuandika kwamba mtoto wa Mwavita amefariki, mashini ilikataa, ikasema nihakikishe tarehe. Mtoto aliyekwisha kuandikwa hai hafutwi hapa, maombi yanapelekwa kwa wenye mitambo, nao wanachukua muda wao.

"Basi waambie waharakishe," nilisema. "Sitaki kupokea hizi kila Ijumaa."

Ijumaa, 28 Novemba

"Mtoto wako leo ana wiki mbili. Mlaze chali." Nimempigia Josias.

Ijumaa, 5 Desemba

Wiki tatu. Nimempigia Josias, kwa sauti isiyomfaa mtu wa umri wangu.

Jumatano, 10 Desemba

Cheti cha Leonidasi kimefika. Wa kwanza. Amekitundika juu ya kabati ile yenye tableti ambayo haijawahi kuwashwa. Nimepita mara nne bila kukitazama.

Jumanne, 16 Desemba

Mama mmoja wa nyuma ya soko alikuwa mwekundu jana asubuhi. Kabla ya adhuhuri Ernestina alikuwa amemleta, anagombana naye njia nzima kwa sababu alikuwa ameacha maharage motoni. Amepelekwa mjini kwa wakati na leo wote wawili wazima. Kwa hiyo inaweza. Sijamwambia Josias, kichwa kitamvimba. Lakini nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nilijikuta nafikiri kwamba ingeweza na tangu Oktoba, na hasira ikanirudia upya.

Ijumaa, 19 Desemba

Wiki tano. Sijaifungua.

Jumatano, 24 Desemba

Josias amepiga mwenyewe. Wenye mitambo wamekubali. Jumatatu mtoto atafutwa, hakuna ujumbe tena. Nimemwambia murakoze, asante, mara tatu.

Ijumaa, 26 Desemba

Mvua imepungua, barabara ya Kizuka inapitika. Mwavita amekuja kwa miguu kupimwa presha. Amekonda, amefunga kitambaa kipya cha Noeli kichwani. Presha nzuri. Nilikuwa namwandika, simu yangu ikalia mezani, katikati yetu.

Akaitazama.

"Ni ya mutoto wangu?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni.

"Ernestina aliniambia zinakuja kwako," akasema.

"Zinaisha Jumatatu, Mwavita. Nimewaambia wafute kila kitu. Unisamehe, nimepigania tangu mwezi jana, hawasikii."

"Unisomee."

"Achana nayo, mwanangu."

"Unisomee, Mama."

Nikafungua, nikasoma. "Hongera, mama Mwavita! Mtoto wako leo ana wiki sita. Sasa anakutambua, na ameanza kukutabasamia. Zungumza naye."

Hakulia. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akahesabu kwa vidole kuanzia ile Ijumaa, taratibu, akafika kwenye kidole cha sita.

"Ni kweli," akasema. "Iko wiki sita."

Kisha akasema, akiwa bado anatazama vidole, "Lukeba hamutaji. Cibalonza anakataza. Kanisani bananiambia nitazaa mwingine, nitazaa mwingine. Hakuna mutu anaulizaka huyu. Hii mashini peke yake inamuhesabia siku."

Hapo ndipo alipolia. Nilifunga mlango, nikakaa naye, na mimi nikalia, benchi wakagonga na kugonga na sikuwafungulia. Nilimwambia mwanawe alivyokuwa, kwa sababu siku zile mbili yeye alikuwa bado amelala kwa dawa na mimi ndiye niliyembeba: masikio ya Lukeba, nywele nyingi, ngumi imefungwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hata mimi.

Alipokuwa mlangoni aligeuka. "Mama, musimufute. Nitakuja siku ya Ijumaa unisomee."

Nimempigia Josias saa ileile, alikuwa kwao, nasikia watoto na muziki wa sikukuu.

"Usimfute," nikasema.

"Mama Kaoutar, umenitukana kila Ijumaa nimufute."

"Na leo nakuambia usimfute."

Hakuuliza sababu, nampa haki yake.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama yake aseme basi."